Picha Haina Gharama?

Husemwa kwamba picha ya simu haina gharama, kwa kuwa haihitaji filamu wala dawa. Nakataa. Picha ya filamu ilitengenezwa kwa madini ya fedha, na mabaki yake yalitiririka na maji ya kusafishia. Leo gharama imehama tu: betri nyingi za simu zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo.

Zipo chati za mtandaoni ambazo mtu akigusa picha huoneshwa kaboni yake. Ni elimu njema, lakini chati inayoishia kwenye kaboni imeishia njiani. Mkazi wa Igogo, jirani wa ziwa ambalo Mwanza hunywa maji yake, anahitaji ramani ambayo akiigusa ataona simu zilizokufa zinatupwa wapi na nani anawajibika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua haki yake ya mazingira safi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa haki ya kuuliza. Takwimu zikifungiwa makabatini, haki hizo hubaki maandishi. Watumishi wa umma, zitoeni, wanafunzi, zichoreni.