Mandolini kwa mke wako: mpe chombo kinachopigika, tena umpe na muda

Kila mwezi wa Machi, toka Kinshasa hadi Lubumbashi, wanawake wanavaa vikwembe vya sikukuu yao, na waume wengi wanaona kazi yao imekwisha wakisha kulipa kikwembe na fundi cherehani. Si vibaya, kikwembe kinapendeza. Lakini katika nyumba nyingi kuna mama anayeimba tangu anapowasha mbabula asubuhi, anayeshika sauti ya pili katika kwaya, na ambaye siku ya mazoezi macho yake hayatoki kwenye vidole vya mpiga gitaa. Mume aliyeyaona hayo akaamua kumnunulia mke wake chombo cha muziki amefikiri vizuri kuliko wengi wetu.

Ikiwa chombo hicho ni mandolini, maoni yangu ni haya: achague ile ambayo mtu anayeanza anaweza kuipiga, asichague ile inayong'aa. Na akisha kuitoa, atoe pia saa za kuipiga. Bila hayo mawili, amenunua pambo la ukutani.

Kwa nini mandolini?

Kwetu gitaa ndiyo mfalme. Katanga inajulikana duniani kwa gitaa la vidole tangu mwaka 1952, Hugh Tracey aliporekodi Mwenda Jean-Bosco huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Mandolini ni ndugu mdogo ambaye wengi hawajamshika. Ina nyuzi nane, lakini zimepangwa mbili mbili, kwa hiyo mkono unahesabu nne tu: sol, re, la, mi, kutoka ya chini kwenda ya juu. Sehemu ya uzi inayolia ina urefu wa sentimita 35 hivi, wakati kwenye gitaa la kawaida inafika karibu 65. Mtu mwenye mkono mdogo anafikia sauti zake bila kujinyoosha, na chombo chenyewe kinaingia katika mfuko wa kubeba begani mpaka kwenye basi.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Sol, re, la, mi ndizo nyuzi za violini, kwa mpangilio ule ule na sauti zile zile. Maana yake ni kwamba mpiga violini wa parokia au wa orkesta anaweza kumwonyesha mke wako mahali pa vidole, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kumiliki mandolini. Mpiga gitaa atahangaika kidogo zaidi, maana nyuzi nne nene za gitaa, mi, la, re, sol, ziko katika mpangilio huo huo uliogeuzwa.

Hata hivyo, usimlazimishe. Kama moyo wake uko kwenye gitaa, mnunulie gitaa. Zawadi ya kushtukiza inafaa kwa pete na manukato. Chombo cha muziki mtu anapaswa kukishika mwenyewe, akipakate, asikie kama kinamkaa. Mpeleke dukani. Furaha haitapungua kwa sababu aliiona mapema.

Majina tunayoyakumbuka

Tuseme ukweli kuhusu muziki wetu. Ukimwuliza Mkongomani ataje wanawake wakubwa wa muziki wa nchi hii, atakutajia Lucie Eyenga, Abeti Masikini, Mpongo Love, M'bilia Bel, Tshala Muana. Wote tunawakumbuka kwa sauti. Ukimwuliza ataje wapiga gitaa, atakutajia wanaume kumi bila kupumua. Mtoto wa kiume akijitengenezea gitaa la kopo na waya, watu wanacheka na kusema huyu atakuwa Franco. Dada yake akiligusa, anaitwa akateke maji.

Mahali ambapo wanawake walipewa vyombo, walivipiga. Nchini Guinea, mwaka 1961, wanawake wa jandarmeri waliundiwa orkesta yao, ile iliyokuja kujulikana kama Les Amazones de Guinée, na miongoni mwa vyombo vyao vya mwanzo kulikuwa na mandolini. Baadaye walishika magitaa ya umeme wakazunguka nayo nchi nyingi. Hapa kwetu, katika Orkesta Simfoniki ya Kimbanguiste iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1994 na Armand Diangienda, wanawake wanakaa kwenye safu za violini pamoja na wanaume. Wengi wa wapigaji wake walianza bila kujua lolote, wakiazimana vyombo vichache. Kipaji kipo. Kilichokosekana katika nyumba nyingi ni mtu wa kusema: shika, hiki ni chako.

Ndiyo maana zawadi hii si jambo dogo. Na ndiyo maana kuikosea kunaumiza. Mama akipewa mandolini mbovu, vidole vitamuuma, sauti itatoka ovyo, na baada ya wiki tatu atasema hana kipaji. Nyumba nzima itakubali. Kumbe kosa lilikuwa la chombo.

Jinsi ya kuchagua

Kwanza, umbo. Utakutana na mandolini zenye mgongo wa mviringo kama kibuyu, za asili ya Napoli, na zenye mgongo bapa au uliopinda kidogo. Ya kibuyu inateleza mapajani, na nyingi zinazouzwa kama mitumba ni za zamani na shingo zake zimekwisha kupinda. Kwa anayeanza, chukua ya mgongo bapa au uliopinda kidogo. Kati ya hizo, kuna zenye umbo la tone la maji, zinazoitwa A, na kuna zenye pembe iliyojikunja kama konokono, zinazoitwa F. Pembe hiyo ni kazi ngumu ya kuchonga, na wewe ndiye unayeilipia. Kwa bei ile ile, ya umbo A kwa kawaida ina mbao bora na kazi safi zaidi. Acha konokono kwa wenye fedha.

Pili, urefu wa nyuzi juu ya shingo. Hapa ndipo zawadi nyingi zinapofia. Hesabu vile vichuma vilivyopachikwa shingoni mpaka cha 12. Nafasi kati ya kichuma hicho na uzi ikizidi milimita 2 hivi, mkono wa anayeanza utateseka. Kisha bonyeza nyuzi kwenye kichuma cha kwanza, karibu na kichwa. Kama unalazimika kukaza meno, mikato inayoshika nyuzi pale kichwani iko juu mno. Fundi mzuri wa magitaa anaweza kurekebisha yote mawili kwa muda mfupi. Fundi huyo unamhitaji hata kama chombo ni kipya, hasa kama kimesafiri ndani ya katoni kutoka China au Dubai.

Tatu, daraja. Kwenye mandolini nyingi, kile kibao kinachobeba nyuzi juu ya tumbo hakikugundishwa. Kinakaa pale kwa kukandamizwa na nyuzi tu. Katika safari kinaweza kusogea, na mara nyingine chombo kinafika kikiwa kimelazwa kabisa. Mnunuzi asiyejua anadhani ameuziwa kitu kilichovunjika. Ili kupima, piga uzi ukiwa mtupu, kisha ubonyeze kwenye kichuma cha 12 upige tena. Sauti inapaswa kuwa ile ile, ila oktava moja juu. Kama haikubali, daraja lisogezwe taratibu mpaka zikubaliane. Na siku ya kubadili nyuzi, msizitoe zote mara moja, la sivyo daraja litaanguka na mtapoteza mahali pake.

Nne, mbao. Tazama ukingo wa tundu la sauti. Ukiona mistari ya mti inashuka kutoka juu mpaka ndani bila kukatika, huo ni ubao mzima. Ukiona tabaka tabaka kama mkate uliopakwa siagi, hiyo ni tripleksi. Ubao mzima unalia vizuri zaidi, na sauti yake hunoga kadiri unavyopigwa. Lakini tripleksi iliyorekebishwa vizuri ni bora kwa anayeanza kuliko ubao mzima wenye nyuzi zilizo juu kama kamba za kuanikia nguo.

Tano, funguo za kukazia nyuzi. Ziko nane. Zungusha kila moja. Ikiwa inakwama, au inalegea yenyewe, muulize muuzaji ana nyingine. Nyuzi za jozi moja zisipokubaliana, chombo kinalia kama watu wawili wanaogombana, na mtu mpya hawezi kujua kwamba shida si yeye. Kwenye simu weka programu ya kupimia sauti. Ziko za bure.

Hesabu ya nyuzi

Wafanyabiashara wetu wanaleta nyuzi za gitaa kwa wingi, lakini za mandolini si rahisi kuzipata. Ukiagiza chombo, agiza pamoja nacho seti mbili au tatu za nyuzi nyembamba, zile zinazoanza na unene wa inchi 0.010. Nyingi za mandolini zina kitanzi mwishoni, wakati za gitaa zina kishanga cha chuma. Zikiisha, usikate tamaa: uzi wa gitaa wenye unene unaolingana unaweza kutumika. Fundi anakibana kishanga kwa koleo mpaka kitoke, kinabaki kitanzi. Wapiga violini wa Kinshasa waliwahi kutumia nyaya za breki za baiskeli. Sisi tuna nafuu.

Kwa hiyo usimalize fedha zote kwenye chombo chenyewe. Kama umetenga kiasi fulani, acha kama robo kwa fundi, nyuzi, mfuko wenye sponji ndani, na vile vipande vya plastiki vya kupigia nyuzi. Mandolini ya bei ya kati iliyopita mikononi mwa fundi inaishinda ya bei kubwa iliyotoka kwenye katoni moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha sebuleni.

Na hali ya hewa ina neno lake. Kule Lubumbashi, toka Mei mpaka Septemba, hewa inakauka na mbao zinajikunja mpaka kupasuka. Kinshasa ni unyevu. Chombo kikae ndani ya mfuko wake, mbali na dirisha lenye jua, wala kisitundikwe chini ya mabati.

Zawadi ya pili

Sasa nakuja kwa jambo ambalo duka lolote halikuuzii. Mtu anayeanza anahitaji dakika 15 au 20 kila siku. Nyuzi ni za chuma, tena ni mbili mbili, kwa hiyo wiki za kwanza ncha za vidole zinauma mpaka ngozi ikomae. Dakika hizo chache za kila siku zinazaa zaidi kuliko saa tatu za Jumapili. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini dakika hizo zitatoka wapi? Mama anaamka kabla ya wote, anatafuta maji, anakwenda sokoni au kazini, anarudi kupika, anaogesha watoto, anazima taa wa mwisho. Ukimpa mandolini bila kumwondolea kitu kimoja mikononi, umemwongezea mzigo. Mume anayetoa zawadi hii aseme wazi: toka leo, baada ya chakula cha jioni, vyombo na watoto ni vyangu kwa nusu saa. Na akimsikia anarudia kosa lile lile mara 40, asicheke wala asiongeze sauti ya televisheni.

Najua yatakayosemwa. Wengine watasema nchi ina vita mashariki, mishahara haitoshi, nani ana fedha za mandolini? Ni swali la haki, na asiye na fedha ya shule ya watoto asianze na mandolini. Lakini tuhesabu pia chupa za bia za mwaka mmoja na vikwembe vya kila sherehe, tuone kama kweli hakuna kinachobaki. Wengine watasema mwanamke mwenye mume na chombo cha muziki atazoea kwenda kwa wanamuziki. Hao niwaulize: mbona hamkuogopa alipokuwa akiimba? Mnataka sauti yake ifurahishe kanisa na arusi, ila vidole vyake vibaki kwenye sufuria.

Na wanawake wanaonisoma wasidhani haya yanawahusu wanaume tu. Mke anayemnunulia mume chombo apime nyuzi vilevile na atetee nusu saa yake vilevile. Tofauti ni kwamba mume, mara nyingi, nusu saa hiyo tayari anayo.

Mwaka huu, basi, ndugu yangu mwenye mke anayeimba, kabla ya kulipa kikwembe muulize swali moja: kama ungepewa chombo, ungependa kipi? Akijibu, usikimbilie duka. Tafuta kwanza fundi, kisha angalia saa zako za jioni, ndipo uhesabu fedha.