Mikutano ya Waandishi wa Programu: Anasa au Shule?

Yamkini watu wengi, wanapomfikiria mtengeneza tovuti, humwona kijana mmoja aliyejifungia chumbani usiku kucha, macho yake yameganda kwenye kioo cha kompyuta, wala hana haja ya mwenziwe. Picha hiyo imeenea hata miongoni mwetu tunaofundisha sayansi ya kompyuta katika vyuo vikuu. Kwa sababu hiyo, kijana anapoomba ruhusa ya kuhudhuria mkutano wa waandishi wa programu, sisi hudhani kwamba anaomba matembezi. Makusudi ya makala hii ni kuonyesha kwamba dhana hiyo ni potofu, na kwamba inatugharimu. Nami naiandika nikiwa mmoja wa wakosaji.

Chimbuko la mikutano hii

Wavuti yenyewe haikukua kwa jitihada za mtu mmoja. Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake la kwanza mwaka 1989, akiwa katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba programu za wavuti ni mali ya umma, na kwamba kila mtu anaweza kuzitumia bila malipo. Mwaka uliofuata, mwezi Mei 1994, ulifanyika hapohapo mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wavuti, ukahudhuriwa na watu wapatao 380. Mwezi Oktoba mwaka huohuo kikaundwa chombo cha kusimamia kanuni za wavuti, kijulikanacho kwa herufi W3C.

Lugha za kuandikia programu nazo zilifuata njia hiyohiyo. Lugha ya Python, iliyobuniwa na Guido van Rossum na kutolewa kwa umma mwaka 1991, ilipata warsha yake ya kwanza mwezi Novemba 1994 katika jimbo la Maryland, Marekani. Waliohudhuria walikuwa watu 20 tu. Leo mikutano ya lugha hiyo hufanyika katika mabara mengi. Hali kadhalika, Ryan Dahl alipotaka kuitambulisha Node.js, chombo kilichoitoa lugha ya JavaScript katika ukurasa wa msomaji na kuipeleka kwenye seva, hakuandika kitabu kwanza. Alisimama mbele ya watengeneza tovuti wenzake mjini Berlin mwezi Novemba 2009 akawaonyesha kazi yake. Waliokuwa ukumbini waliondoka na maarifa ambayo vitabu vya kiada vilichukua miaka kuyapata.

Katika taaluma hii, basi, mkutano huja kabla ya kitabu. Mwalimu angojaye kitabu atafundisha mambo ya jana.

Yanayofanyika humo

Mkutano wa namna hii kwa kawaida huwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni mihadhara iliyopangwa, ambayo haitofautiani sana na ile tuijuayo vyuoni. Ya pili ni mazungumzo ya dakika tano, ambayo mtu yeyote, hata mgeni wa siku hiyo, anaweza kujiandikisha asubuhi na kusema jioni. Kengele ikilia, amenyamaza, awe profesa au mwanafunzi. Ya tatu ni siku za kazi ya pamoja, ambapo watu huketi mezani na kurekebisha programu huria iliyowakutanisha. Mgeni huketi karibu na mwenyeji, akaonyeshwa kasoro ndogo, akairekebisha, na marekebisho yake yakikubaliwa hutumiwa na watu ambao hatawaona maishani mwake.

Lakini faida kubwa kuliko zote haimo katika ratiba. Imo katika ujia, kwenye foleni ya chai, na baada ya chakula. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Uingereza, nilihangaika majuma matatu na programu iliyokuwa ikisoma kumbukumbu za wanafunzi 4,000. Ilikuwa ikijikokota kama gari bovu mlimani. Msimamizi wangu, mtu hodari katika nadharia, hakujua sababu. Jioni moja nikaenda katika mkutano wa kila mwezi wa waandishi wa programu wa mji ule. Mzee mmoja aliyekuwa akitunza tovuti ya maktaba aliniuliza maswali mawili, akacheka. Programu yangu, alisema, ilikuwa ikiiuliza hifadhidata swali moja kwa kila mwanafunzi, mara 4,000, badala ya kuuliza mara moja kwa wote. Ni sawa na mtu anayetaka viberiti arobaini akaenda dukani safari arobaini. Nilibadilisha mistari miwili, na kazi iliyochukua dakika kadhaa ikaisha kwa sekunde.

Mzee yule hakuwa na shahada ya pili. Wala mimi sikuwa mjinga. Nilikosa tu kuwa karibu na mtu aliyekwisha kujikwaa pale nilipojikwaa.

Kwa nini jambo hili ni letu

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya Ulaya na Marekani, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu vyombo tunavyovitumia kila siku huchukua sura ya mahali vilipotengenezwa. Tuchukue mfano wa Django, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python. Ulianzishwa mwaka 2003 na Adrian Holovaty na Simon Willison katika ofisi ya gazeti moja la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, ukatolewa kwa umma mwezi Julai 2005. Hadi leo, mtumiaji asipotaja majira ya mahali alipo katika mipangilio yake, chimbuko la mfumo huo humpa majira ya Chicago. Hakuna aliyetudhulumu hapo. Walioketi mezani waliandika saa ya ukutani mwao.

Sasa tujiulize: ni nani atakayeuliza, katika meza hizo, kuhusu mtu anayetumia jina lake na la baba yake tu, bila jina la ukoo? Ni nani atakayesema kwamba kwa Mswahili saa moja ya asubuhi ndiyo saa ya kwanza ya mchana, na kwamba fomu isiyojua hivyo itamkosesha mgonjwa miadi yake? Maneno ya Kiswahili yaliyomo ndani ya Django leo yaliwekwa kwa sababu walipatikana watu wa kujitolea walioketi wakatafsiri. Asiyekuwapo mezani hupewa kilichosalia.

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya usalama. Mwezi Machi 2024 mhandisi aitwaye Andres Freund aligundua kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili itumiwayo na kompyuta nyingi duniani, mtu alikuwa amepachika mlango wa siri. Mtu huyo alikuwa amejipatia imani ya mtunzaji mmoja aliyechoka kwa muda wa miaka zaidi ya miwili. Hadi sasa hajulikani ni nani. Sidai kwamba mkutano ungaliuzuia udanganyifu huo. Nasema tu kwamba programu inayotunzwa na mtu mmoja mpweke, akisaidiwa na mtu ambaye uso wake haujulikani, ni nyumba isiyo na jirani. Mwizi huipenda nyumba kama hiyo.

Pingamizi

Wapo wanaosema kwamba mikutano hii ni soko la makampuni yanayotafuta vijana wa kuajiri. Ni kweli kwa kiasi. Wapo wanaosema kwamba wanawake hawakuheshimiwa humo. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana mikutano mingi siku hizi ina kanuni za mwenendo, na ndiyo maana pia mwaka 2014 wanawake wawili wa Kipolishi walianzisha mjini Berlin warsha za Django Girls, ambazo huwafundisha wanawake bila malipo na ambazo zimekwisha kufika Afrika. Wapo wanaolalamika kuhusu nauli, viza na lugha ya Kiingereza. Malalamiko hayo ndiyo mazito kuliko yote. Mhadhiri aliyekubaliwa kutoa mhadhara Ulaya huweza kunyimwa viza siku chache kabla ya safari, na hana wa kumlalamikia.

Hata hivyo, dawa yake imeanza kupatikana. Mwezi Februari 2015 ulifanyika mkutano wa Python mjini Windhoek, Namibia. Mwezi Agosti 2019 mkutano wa kwanza wa Python wa Afrika nzima ulifanyika Accra, Ghana. Na mwezi Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ulifanyika hapa kwetu, Zanzibar.

Hapo ndipo linapoanza kosa langu. Wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu walinijia ofisini. "Shikamoo, Dokta," walisema, "tunaomba ruhusa ya siku tano twende Unguja." Juma lile lilikuwa na jaribio langu lenye alama 15. Niliwajibu kwamba kanuni za chuo hazitambui mikutano isiyochapisha makala za kitaalamu. Jibu langu lilikuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni. Mmoja alipanda boti hata hivyo, akapoteza alama zake 15. Aliporudi alikuwa amekwisha kurekebisha kasoro moja ndogo mezani, na anafahamiana na watu wa nchi kadhaa ambao hadi leo humjibu akiwauliza. Mwingine alinitii, akafanya jaribio, akapata 13.

Wawili si utafiti, nami sitajenga nadharia juu yao. Lakini yule aliyenitii ndiye anayenisumbua. Alikuja kuniaga baada ya mahafali akaniuliza, kwa adabu, kama siku hizi ninaruhusu. Sikuwa na jibu la kumpa.

Mapendekezo

Kwanza, vyuo vyetu vihesabu siku za mikutano ya namna hii kuwa sehemu ya mafunzo kwa vitendo, kwa sharti kwamba mwanafunzi akirudi awafundishe wenzake alichojifunza. Gharama ya sharti hilo ni saa moja na ubao.

Pili, kanuni za kuwapandisha vyeo wahadhiri zitambue kazi ya kutunza programu huria. Mhadhiri hawezi kumhimiza mwanafunzi afanye jambo ambalo yeye mwenyewe akilifanya atahesabiwa amekaa bure.

Tatu, kila mkutano utakaofanyika katika ardhi yetu uwe na nafasi ya mazungumzo ya dakika tano kwa Kiswahili. Kijana asiyethubutu kusimama kwa Kiingereza ana mambo ya kusema.

Nne, tusingoje mikutano mikubwa. Chumba kimoja, birika la chai na jioni moja kila mwezi vinatosha. Ule mkutano ulioniokoa Uingereza haukuwa na zaidi ya hayo.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Lakini anayetaka kuuliza lazima awe na wa kumwuliza. Kazi ya chuo si kumpa mwanafunzi majibu tu. Ni kumfikisha pia mahali walipo watu wenye majibu ambayo mwalimu wake hana. Mimi nilimzuia mmoja mlangoni. Muhula huu nimeuhamisha mtihani wangu.