Anayetapika akiwa kwenye hedhi apimwe, asihukumiwe

Msichana wa shule ya bweni Kakamega akitapika alfajiri, si ajabu swali la kwanza likawa ni nani aliyempa mimba. Akijitetea kwamba yuko kwenye hedhi, hutazamwa kwa jicho la shaka. Habari hufika nyumbani kabla hajafika yeye, na mama mtu anapopigiwa simu huwa tayari ameshaanza kulia.

Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Mzazi ana haki ya kuwa na wasiwasi. Lakini kutapika peke yake hakuthibitishi lolote, na wengi hawajaelezwa ni kwa nini mwili hufanya hivyo siku za mwezi.

Utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unapobomoka, hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huukaza mfuko huo ili damu itoke. Zikiwa nyingi, nyingine huingia kwenye mkondo wa damu na kuchokoza tumbo na utumbo. Ndipo huja kichefuchefu, kutapika, kuhara na kichwa kuuma, aghalabu siku ya kwanza au ya pili, kisha hali hutulia. Kichefuchefu cha mimba huwa na kalenda yake: kwa kawaida huanza karibu wiki ya sita tangu hedhi ya mwisho, wakati hedhi imeshakosekana, na huendelea kwa wiki kadhaa. Isitoshe, Kakamega ni eneo la malaria, nayo pia hutapisha. Kumtuhumu mtoto mwenye malaria kuwa ni mjamzito ni kumcheleweshea tiba.

Hata hivyo, kuona damu hakumhakikishii mtu kwamba hana mimba. Takriban mimba moja kati ya nne huambatana na kutokwa damu katika miezi mitatu ya mwanzo. Damu ikiwa kidogo kuliko kawaida au ikija nje ya tarehe zake, dawa ni kupima. Na maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au kuzirai ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, kwani huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Kwenye maduka ya dawa ya mjini Kakamega, karatasi hiyo nyembamba huuzwa bei nafuu na hutiwa mfukoni haraka asije jirani akaona. Huchovywa kwenye mkojo, hasa ule wa asubuhi, ikasubiriwa dakika chache: mstari mmoja, hakuna mimba, miwili, ipo. Tangu siku ya kwanza ya kukosa hedhi, jibu huwa la kuaminika.

Wapo pia waliomeza P2, tembe za dharura za kuzuia mimba. Hizo nazo huweza kuleta kichefuchefu na kuvuruga tarehe za hedhi, na mtumiaji akadhani zimeshindwa kazi. Muuzaji anapaswa kumwambia hayo kabla hajapokea pesa.

Mwaka 2017 Kenya ilibadilisha sheria ya elimu ya msingi ili kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bila malipo. Ilikuwa hatua njema. Ila sodo huzuia damu, haizuii maumivu wala kutapika. Tembe ya ibuprofeni, ikimezwa baada ya chakula maumivu yanapoanza tu, hupunguza zile prostaglandini zenyewe. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu amwone mhudumu wa afya kwanza. Ni jambo la kusikitisha kwamba msichana anaweza kupata sodo shuleni na bado akalala sakafuni amejikunja siku nzima.

Njambi Koikai, mtangazaji maarufu wa reggae, aliishi na maumivu ya hedhi kwa miaka mingi kabla ya kujulikana kwamba ana endometriosisi, yaani tishu kama za utando wa mfuko wa uzazi kuota nje yake. Ugonjwa huo ulifika hadi kifuani, mapafu yakawa yanasinyaa, akalazimika kutibiwa Atlanta, Marekani. Alifariki Juni 2024. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa ana maradhi hayo. Kwa hiyo msichana anayetapika kila mwezi hadi kukosa masomo anahitaji daktari, hata kama kipimo cha mimba hakionyeshi kitu.

Shule za Kakamega zinaweza kuanza muhula ujao: muuguzi wa zahanati ya karibu aje kuzungumza na walimu na matroni, dawa ya maumivu iwekwe chini ya uangalizi wake, na kipimo cha mimba kifanywe kwa ridhaa ya msichana, faraghani, na jibu apewe yeye kwanza.