Chombo cha Dawa Sharti Kiseme

Mtu asiyejua herufi hata moja, akipita usiku katika barabara za London za karne ya 19, hakuhitaji kuuliza duka la dawa lilipo. Kwa maana dirishani mwa duka hilo zilisimama, ama zilitungikwa kwa minyororo, chupa kubwa za kioo zenye tumbo pana na shingo ndefu, zimejaa maji mekundu, ya kijani, ya manjano na ya samawati, na nyuma yake imewashwa taa, hata rangi zile zikatandaa njiani na kumwita mgonjwa toka mbali. Maji hayo hayakuponya maradhi yoyote. Yale ya samawati aghalabu yalikuwa mrututu, ambao wakulima wa kahawa wanaujua kwa kuzuia ukungu, uliotiwa majini na kukolezwa rangi kwa amonia. Leo vyombo hivyo ni vitu vya kale, hutafutwa na wapenzi wa mapambo. Lakini mimi nashikilia kwamba vilikuwa kauli, na kwamba sisi wa Songea, tulio mbali na London ile kwa masafa na kwa zama, tuna haja kubwa ya kauli ya namna hiyo.

Wauza dawa wa zamani walilijua jambo ambalo wafungaji wa dawa wa leo wamelisahau, nalo ni kuwa chombo humfikia mgonjwa kabla ya maandishi. Karne nyingi kabla ya chupa zile za dirishani, wafinyanzi wa Sham na Uajemi walikuwa wakitengeneza mitungi ya dawa iliyobinywa kiunoni, ili mkono upate pa kuushikia mtungi hata ukiwa umebanana na wenzake rafuni, na umbo hilo likasafiri mpaka Hispania na Italia. Chupa za kahawia nazo zilichaguliwa kwa sababu zipo dawa ambazo mwanga huziharibu. Ama sumu, hizo zilitiwa katika chupa za samawati au za kijani, nyingine za pembe sita, zenye mistari iliyoinuka ubavuni, hata mama aliyeamka gizani kumtafutia mwanawe dawa ya kikohozi, akiishika tu, vidole vyake vilimwonya kabla hajaizibua. Na mwanzoni mwa karne ya 20 sheria ya Uingereza ikawalazimisha wauzaji kuzitia baadhi ya sumu za majimaji katika chupa zinazotambulikana kwa kuguswa.

Wala pwani yetu haikukosa maarifa haya. Huko Unguja, mkabala na bandari, lingali limesimama jengo ambalo Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliliwekea msingi mwaka 1887 liwe hospitali ya maskini, likamalizika mwaka 1894 yeye akiwa amekwisha kufariki, na baadaye likawa zahanati. Ukizitazama roshani zake za mbao zilizochongwa, na vioo vyake vya rangi, unafahamu kuwa waliolijenga walitaka mgonjwa aione taadhima kabla hajauonja uchungu wa dawa.

Atakuwapo wa kunijibu kwamba rangi hudanganya, na kwamba ayari naye aliweza kutungika chupa dirishani na kuuza unga wa mhogo kwa jina la kwinini. Ni kweli, na jawabu lake limekwisha kutolewa hapa hapa kwetu. Mkoa wa Ruvuma ndio uliotangulia nchini, mwaka 2003, kuyageuza maduka ya dawa baridi kuwa Maduka ya Dawa Muhimu: wauzaji wakapewa mafunzo, maduka yakakaguliwa na kupewa kibali, na dawa chache za kuandikiwa na daktari zikaruhusiwa kuuzwa humo kwa masharti, kisha mfano huo ukaenea katika mikoa mingine ya Tanzania Bara. Hivyo bango la duka likapata nyuma ya kaunta mtu wa kulithibitisha. Duka limetengenezwa, kilichoachwa nyuma ni chombo.

Mgonjwa anayenunua dawa mjini Songea, akarudi nayo Namtumbo au Madaba, aghalabu huchukua vidonge katika bahasha ndogo iliyoandikwa kwa haraka "1x3", hesabu ambayo aliyeizoea haimsumbui, na asiyeijua aweza kuidhani ni vidonge vitatu kwa mara moja. Na kama amepewa boksi zima, karatasi iliyokunjwa ndani yake mara nyingi ni ya Kiingereza, kwa herufi za kuumiza macho. Hayo ni madogo kuliko ya nyumbani. Mafuta ya taa hukaa katika chupa ya soda, na dawa ya kunyunyizia mahindi, iliyonunuliwa kwa kupimiwa, hukaa katika chupa ya maji ya kunywa, ilhali mtoto wa miaka miwili hana maandishi anayoyajua isipokuwa umbo na rangi, na umbo limemwambia anywe. Hapo chombo kimesema, nacho kimesema uongo.

Ninayoyataka si makubwa. Bahasha ya dawa ichapwe picha ya jua la asubuhi, jua la adhuhuri na mwezi, muuzaji atie alama panapohusika, na neno liwe la Kiswahili. Muuza pembejeo akatae kumimina sumu katika chupa ya kinywaji, hata mteja akija nayo mwenyewe, na halmashauri ziliweke katazo hilo katika masharti ya leseni. Nao wanaowafundisha wauzaji wa dawa wawafumbe macho siku moja, wawape chupa mikononi, wawaulize ipi ni dawa na ipi ni sumu, ili wauonje upofu wa mgonjwa asiyejua kusoma.

Gharama ya hayo ni wino kidogo na ukali kidogo wa sheria. Mkoa uliothubutu kulitengeneza duka kabla ya mikoa yote hauna udhuru wa kushindwa na bahasha.