Maji Yalayo Msingi

Nyumba ya matofali mabichi haibomolewi na mvua peke yake. Maji ya kuogea yapenyayo chini ya mlango wa bafu huila tangu msingini. Hapa Gungu yafaa kuchunguza wakati wa kiangazi, Juni hata Septemba, kwani masika unyevu wa mvua huficha uvujaji. Kausheni sakafu, kisha mwageni maji kando ya ukuta kwanza, mlangoni baadaye. Palipolowa upande wa pili ndipo penye ufa. Ukwangueni, muuloweshe, muuzibe kwa saruji sehemu 1 na mchanga sehemu 3. Jengeni na kizingiti, na sakafu iteremkie mferejini. Funikeni kwa magunia yaliyolowa siku 7. Ukuta uangukapo haumchagui mtoto wala jirani.