Anayeuguza Apokewe Zamu

Kumjulia hali mgonjwa tunajua. Tunabeba machungwa na madafu, tunakaa pembeni mwa kitanda, tunauliza amelalaje. Yule aliyeamka saa nane za usiku kumgeuza, na saa kumi tena kubadilisha shuka, tunampa "pole, Mungu atakulipa", kisha tunaaga. Ndugu zangu, safari ijayo tumwendee yeye.

Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walichapisha utafiti mdogo ambao ningetamani usomwe kwenye kila kikao cha ukoo. Walikuwamo wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu waliopotewa na kumbukumbu, na wengine 13 wa rika lao wasiouguza mtu. Kila mmoja alikatwa kinofu cha ngozi mkononi, upana wa milimita 3.5. Wasiouguza walipona kwa wastani wa siku 39; wanaouguza, karibu 49. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba hata chanjo ya mafua haiamshi vizuri kinga ya watu wanaouguza.

Kwa nini? Ukikimbizwa na mbwa, ubongo huziamsha tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini na kortisoli. Sukari inapanda kwenye damu, moyo unakwenda mbio, na ukarabati wa mwili unawekwa kando kwanza. Ukishafunga geti, ubongo unaona kortisoli imetosha, unaizima. Kuuguza mtu aliyepooza hakuna geti la kufunga. Homoni inakosa ratiba yake ya asubuhi na usiku, chembe za kinga zinazoea kelele zake na kuacha kuitikia, usingizi unakatikakatika. Hata hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu na kusaidia kuizima kortisoli hiyo hiyo, inadhoofika. Kwa hiyo dada anayeunguza maharage na kufoka bure huenda hajawa mkorofi. Amechoka hadi ndani ya damu.

Basi tugawane usiku. Kaka zangu na mashemeji, pesa ya pampasi za wakubwa mnayotuma kwa simu inasaidia sana, ila haimgeuzi mgonjwa. Njooni mjifunze kumgeuza na saa za dawa zake, halafu mwambieni mwenyeji aende akalale kwingine. Msimuulize anahitaji nini. Atajibu hana shida. Viongozi wa misikiti na jumuiya za makanisa, akina mama wa vikundi: msibani mnapanga zamu za kupika ndani ya saa moja. Pangeni na hizi, mgonjwa angali hai.

Nawe unayeuguza, ukipokewa usikatae. Ukiwa huna usingizi, mafua hayakuachi au kidonda hakifungi, mweleze daktari kwamba unauguza. Asipojua hilo ataona kidonda tu.

Wengine, fungueni kundi la ukoo kwenye simu sasa hivi, mwandike usiku mtakaoushika.