Laptopu ya laki nne na nusu: mpya au mtumba?

Sehemu ya 6 ya mfululizo wetu.

Leo tunapumzika kidogo mambo ya uji na chanjo. Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke naulizwa swali moja tu: "Sista, mtoto anaenda chuo, nina laki nne na nusu, ninunue laptopu mpya au iliyotumika?"

Nasema mapema ili anayetaka kubisha abishe: kwa pesa hiyo, nunua iliyotumika. Ila usinunue kwa macho.

Sababu yangu ni hii. Laptopu mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi zinakuja na prosesa ya Celeron, ramu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 iliyochomelewa kwenye ubao, yaani huwezi kuitoa ukaweka kubwa zaidi. Windows yenyewe inakula sehemu kubwa ya hiyo nafasi. Mwezi wa kwanza inaenda vizuri, baadaye kila sasisho likija inalalamika haina nafasi. Mtoto akifungua Word na kurasa tatu za intaneti, inaganda. Ni mpya kweli, lakini ilizaliwa dhaifu.

Sasa chukua Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad iliyokuwa ofisini huko Ulaya. Hizo zilitengenezwa kwa kazi ya kutwa nzima. Nyingi zinafunguka, betri na diski zinabadilishwa, na fundi wa hapa hapa mjini anaimudu. Imekwaruzwa kifuniko? Jamani, mkwaruzo hauandiki kazi ya chuo.

Wodini mgonjwa hatumpimi kwa nguo alizovaa. Tunapima joto, presha, mapigo ya moyo, upumuaji. Na laptopu ipime hivyo hivyo kabla hela haijatoka mkononi:

1. Namba ya prosesa. Usidanganywe na neno "i5" au "i7" peke yake. Angalia namba inayofuata. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa Intel, Windows 11 rasmi inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hiyo i7 ya kizazi cha 4 inayosifiwa dukani, mimi naiacha, naenda na i5 ya kizazi cha 8.

2. Ramu GB 8, hifadhi ya SSD GB 256. SSD haina sahani inayozunguka ndani kama zile diski za zamani, kwa hiyo inawaka haraka na inavumilia mitikisiko ya basi.

3. Betri. Mwambie muuzaji afungue dirisha la amri aandike powercfg /batteryreport. Inatoka ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Kama ilikuwa 50,000 na sasa inashika 20,000, betri mpya inakusubiri, basi bei ishuke. Na ukiona sehemu ya chini imetuna au kipadi cha kipanya kimeinuka, betri imevimba. Hiyo inaweza kushika moto. Usiipeleke nyumbani kwenye watoto, hata kwa punguzo.

4. Ifutwe na kuwashwa upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa intaneti. Ikidai barua pepe ya kampuni usiyoijua au nywila ambayo muuzaji hana, rudisha. Hiyo bado ina mwenyewe.

5. Hakikisha siyo Chromebook. Nyingine ni nzuri kwa kazi zake, lakini huwezi kuweka programu za Windows ambazo chuo kinaweza kuzitaka, na kila moja ina tarehe ya mwisho ya kupata masasisho.

Wapo watakaosema: "Lakini sista, mpya ina waranti." Ni kweli, na mwenye milioni na zaidi sina ugomvi naye, anunue mpya iliyo imara. Ila uliza waranti inafanyika wapi. Kama ni Dar, ina maana ufungashe kifurushi, ukipandishe basi, usubiri, na huku mtoto ana mitihani. Mimi naona bora muuzaji wa hapa Mpanda anayekupa risiti ya EFD, namba ya mashine imeandikwa, na siku 14 za kurudisha kwa maandishi. Hiyo risiti pia ndiyo kinga yako siku ukiambiwa mali ni ya wizi.

Kuna jambo moja ambalo silegezi hata kidogo. Usikope kausha damu kwa ajili ya laptopu. Mama anauza gunia za mpunga, anaongeza pesa ya kikoba, sawa, hiyo ni jasho lake na ina mwisho. Mkopo wa riba ya kila wiki hauna mwisho, na unaanza kula kwenye sahani ya watoto. Kama hela haijatosha, mtoto aanze na simu na maabara ya kompyuta ya chuo, mtanunua muhula wa pili. Na kama shida yako ni kujaza maombi ya ajira au mkopo wa HESLB tu, stationari inakutosha, huhitaji laptopu.

Hifadhi hii orodha kwenye simu. Ukifika dukani isome kwa sauti, pointi moja moja. Muuzaji mkweli hatachukia kupimwa kwa kitu chake. Akianza kukuharakisha, "mama fanya haraka kuna mteja mwingine," mwachie huyo mteja mwingine.

Sehemu ya 7 tutaongelea zile betri ndogo za duara ambazo fundi anazitoa ndani ya laptopu na kuziacha mezani. Mtoto akimeza, ikinasa kooni, inaweza kumuunguza ndani ya saa 2 tu. Ukishuku amemeza, usisubiri kesho, mlete hospitali hapo hapo.